Mwezi wa Kipande

Bwana Riedel aliipenda sheria kuliko kahawa yake. Walowezi wengine waliokuwa wakipima mashamba chini ya Mlima Meru miaka ile walikuja na bunduki, mbwa na mapipa ya pombe. Yeye alikuja na mbwa mmoja na sanduku la vitabu, na juu kabisa ya vitabu ameweka sheria mpya ya wafanyakazi iliyotoka Dar es Salaam mapema mwaka ule. Kila asubuhi akinywa chai aliifungua na kuifuata kwa kidole kama mchungaji na zaburi zake. Akifika mahali pagumu aliniita.

"Mikaeli, sheria inasema mfanyakazi apate mahali pakavu pa kulala. Je, nyasi zile ni kavu?"

Nami niende nikashike nyasi.

Nilikuwa karani wake. Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, na wamisionari walinifundisha kusoma, kuandika, na Kijerumani cha kutosha kuombea radhi. Kimaa nilikipata kwa mama yangu, aliyezaliwa kwa Waarusha. Kwa hiyo nilikuwa na lugha nne kichwani na mshahara wa lugha moja. Mzungu akitaka kusema na kibarua, maneno yalipita kwangu. Kibarua akitaka kumjibu, yalipita kwangu tena. Jua likizama nilikuwa nimesema tangu alfajiri, na langu mwenyewe sijasema hata moja. Watu hudhani anayechoka ni mwenye jembe tu.

Desemba ile Bwana Riedel alitaka watu arobaini wa kuchimba mashimo ya kahawa kwenye shamba lake la upande wa Tengeru. Jirani zake walipitia kwa jumbe: wanampa kitambaa, naye anawaswaga watu kama mbuzi mpaka shambani. Riedel hakutaka kusikia habari hiyo. Alisema yeye ni mgeni katika nchi hii, na mgeni anayeajiri watu lazima afuate sheria ya mahali. Sheria aliyoijua ilitaka mkataba ulioandikwa, usomwe mbele ya Bwana Shauri kule boma la Arusha, kila mtu akubali kwa mdomo wake, ndipo aweke alama. Basi tukakaa mezani siku tatu, yeye anaandika Kijerumani upande wa kushoto, mimi Kiswahili upande wa kulia.

Siku ya tatu tukafika kwenye muda. Aliandika miezi sita ya kazi, akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kwamba mwezi mmoja wa kazi ni kipande kimoja. Kipande ni ile kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku mtu anayofanya kazi, chumba kimoja kinatiwa alama. Jumapili haina alama. Siku ya mvua kubwa haina alama, na siku ya homa haina. Chumba cha thelathini kikijaa, hapo ndipo mwezi umekwisha, hata kama kule juu mwezi mwingine umeshaandama na kufika nusu.

Nilimwelewa vizuri sana. Nilitafuta neno la Kiswahili la mwezi wa namna hiyo nisilione. Ningeweza kuandika "siku mia na themanini za kazi", na kila mtu angejua anachokubali. Lakini ile karatasi ilikuwa ya mwisho, mstari ulikuwa umebaki mfupi, jua limeingia dirishani linanipiga usoni, na vidole vimekufa ganzi. Nikaandika "miezi sita". Nikakausha wino nikaenda kula.

Bomani tuliwasomea watu kumi kumi. Bwana Shauri, yaani yule Mzungu aliyesikiliza kesi na mambo ya wenyeji, alikuwa na haraka. Nje kulikuwa na watu wa kodi wamejaa uani. Kumi la kwanza wakakubali wakaenda kivulini. Kumi la pili hivyo hivyo. Katika kumi la tatu alikuwamo Lemayian.

Alikuwa Mwarusha wa juu ya Ngaramtoni, mtu wa makamo, mrefu, mwenye upole wa kuudhi. Nilipomaliza kusoma na kuwageuzia kwa Kimaa, wenzake tisa walisogea kuchovya kidole kwenye wino. Yeye alibaki amesimama.

"Miezi sita," alisema kwa Kimaa. "Hiyo olapa unayosema, ndiyo ile ya juu?" Akanyoosha mkono mbinguni, ingawa ulikuwa mchana wa saa sita.

Kimaa nacho hakina huruma. Olapa ni mwezi unaoangaza na olapa ni mwezi wa kuhesabia.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu ya mfereji. Sisi tunakunywa na kulima kwa mfereji mmoja unaotoka mlimani. Masika yakiisha umejaa matope na mawe, na mwezi wa saba kutoka huu, baragumu inapigwa. Kila nyumba inatoa mwanamume mmoja mpaka kazi iishe. Nyumba isiyotoa mtu, mlango wake wa maji unazibwa mpaka masika mengine. Baba yangu amekufa, ndugu sina, mwanangu bado ananyonya. Nina mama na mke wanaokula kwenye shamba lile. Miezi sita ninaiweza. Saba siiwezi."

Bwana Shauri akagonga meza. "Anasema nini huyo?"

"Anauliza muda, Bwana."

"Muda uko kwenye karatasi. Mwambie aweke alama au atoke."

Nyuma ya Lemayian walikuwa wamesimama kumi wengine wa mwisho, wanakanyagana. Nilikuwa nimesoma tangu asubuhi. Kumweleza habari ya vyumba thelathini, na Jumapili, na mvua, ilikuwa ni kuanza upya kwa watu wote arobaini mbele ya Mzungu aliyekwisha kukunja uso. Nikamwambia, "Mwezi ni mwezi. Weka alama."

Akaniangalia kidogo, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuitegemea. Kisha akachovya kidole.

Kazi ikaanza. Lemayian hakuwa na makuu. Alichimba mashimo yake, alisaidia wenye homa kumaliza ya kwao, na jioni alikaa mlangoni pa banda akisokota ngozi. Aliniita "Mmeru wa kitabu", na wenzake wakacheka, nami nikacheka kwa shingo upande. Kila mwezi ulipoandama alifunga fundo kwenye kamba ya kiunoni. Na kila asubuhi mimi nilitia alama kwenye kipande chake. Hesabu mbili zikawa zinatembea bega kwa bega, na mtu aliyeziona zote mbili ni mimi peke yangu.

Masika yalipoingia, ya kwake ikaanza kuiacha ya kwangu mbali. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, ikapumzika moja, ikanyesha tano. Watu walikaa bandani wakaota moto, na vipande vyao vikakaa navyo. Kila Jumatatu nilijiambia leo nitamweleza. Kila Jumatatu nikapata sababu: amechoka, ana wageni, ana furaha leo, ya nini kumharibia. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimechoka, na ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Uchovu ni kivuli kizuri cha kumfichia mwoga.

Mwezi wa nne Bwana Riedel mwenyewe alinipa nafasi. Alikuwa amefika kwenye ukurasa unaosema mfanyakazi lazima aelewe mkataba wake. Akainua macho.

"Mikaeli, watu wetu walielewa?"

Ilinitosha kusema hapana, neno moja tu. Lakini nikisema hawakuelewa, swali linalofuata ni nani aliyewasomea.

"Walielewa, Bwana."

"Vizuri sana," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Nyota ya mkia ilitokea mwezi wa tano. Watu wakasema ni vita, wengine wakasema ni njaa, ikapita ikaenda zake. Mwezi wa sita, mvua zimekatika na mlima umesafika mpaka kileleni, mwezi wa saba wa Lemayian ukaandama. Kesho yake asubuhi alikuja stoo na jembe lililooshwa, likang'aa. Blanketi alilopewa kwa sheria amelikunja vizuri, sahani ya bati ameiweka juu yake. Alikuwa amekwisha kumuaga mpishi. Alikuwa amewaaga wenzake, mmoja mmoja kwa jina. Alikuwa amemuaga hata mbwa wa Bwana Riedel. Nimeona watoro wengi maishani mwangu, na sijamwona mwingine aliyemuaga mbwa.

"Baragumu ni kesho kutwa," alisema. "Niende na amani, Mmeru wa kitabu?"

Hapo sikuwa na Jumatatu nyingine ya kukimbilia.

"Hujamaliza," nikasema. "Kwa kipande umefanya miezi minne na siku kumi. Bado kipande kimoja na vyumba ishirini."

Mkono wake ulikwenda kwenye ile kamba kiunoni, akagusa mafundo, akayaacha.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema mwezi ni mwezi."

"Nilisema."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepata pa kushika. Yeye aliweka jembe ukutani, akahakikisha halianguki.

"Basi mimi nimemaliza," akasema. "Hiyo iliyobaki ni yako na Mzungu wako."

Akaenda, na sikumzuia. Ningemzuia kwa lipi?

Bwana Riedel alihuzunika kweli. Hakuwa mtu wa kiboko. Hakuwahi kumpiga mtu shambani, na jirani zake walimcheka kwa hilo. Alikaa siku mbili akimngoja, akitoka barazani kuangalia njia. Siku ya tatu akaleta kitabu mezani, akanionyesha mahali panaposema mwajiri atoe taarifa bomani mtu akivunja mkataba.

"Mimi sipendi," alisema. "Lakini nikimwacha huyu, na kesho mwingine, mkataba ni nini? Hata mimi nitaweza kuuvunja nikitaka. Sheria inawalinda wao pia."

Aliandika barua. Nikainakili kwa mwandiko mzuri, pamoja na neno mtoro. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba herufi zilikaa sawa.

Askari walimkuta ndani ya mfereji, siku ya nne ya kazi, maji magotini. Walimfikisha bomani na matope yamemkaukia miguuni mpaka mapajani. Mkalimani wa boma alikuwa safarini Moshi, kwa hiyo Bwana Shauri akaamuru karani wa Riedel atafsiri. Tulisimama watatu mbele ya meza: Bwana Riedel amevua kofia, mimi, na Lemayian kati ya askari wawili. Bwana Shauri alikuwa na jino linamuuma, shavu limevimba. Alijisifia Kiswahili chake, na kesi zote alitaka ziendeshwe kwa lugha hiyo.

"Huyu aliahidi miezi sita ya kazi," alisema. "Amefanya minne na kidogo. Ana neno?"

Nikamgeuzia Lemayian kwa Kimaa. Akajibu bila kuinua sauti, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Mtu huyu aliyesimama hapa ndiye aliyenisomea karatasi. Nilimwuliza kama ni mwezi wa juu. Nikamweleza habari ya mfereji, na mama yangu, na mke wangu. Akasema mwezi ni mwezi. Mimi nimefanya ile niliyoambiwa. Kama kuna mwezi mwingine, sikuambiwa. Mwulizeni yeye."

Wote wakanigeukia, wanangoja niwape mashtaka yangu mwenyewe kwa Kiswahili fasaha.

Kila mtu Arusha alijua mkalimani mwongo hufanywa nini. Ni hamsa-ishirini, viboko ishirini na tano pale uani mbele ya watu, kisha kazi imekwisha, kisha habari inapanda Nkoaranga kwa wamisionari kabla hujaweza kukaa chini. Nilifungua mdomo.

"Anasema alikosea kuhesabu."

Lemayian hakujua Kiswahili, ila kile cha shambani. Kwa miezi sita kila alfajiri alikuwa amesimama kwenye mstari mnyapara akipiga kelele "kuhesabu, kuhesabu". Neno hilo alilijua. Niliona limemfikia. Aliniangalia, na mimi nikaangalia shavu la Bwana Shauri.

Bwana Riedel akakohoa. "Mikaeli, ni hayo tu? Alisema maneno mengi."

"Ni hayo tu, Bwana. Kimaa ni kirefu."

Hukumu ya mtoro nayo ilikuwa hamsa-ishirini. Walimlaza uani. Bwana Riedel alitoka nje ya lango kwa sababu hakuweza kutazama. Mimi sikupata ruhusa ya kutoka, maana huenda ningehitajika kutafsiri. Hapakuwa na cha kutafsiri. Alipigwa zote ishirini na tano na hakutoa sauti ya lugha yoyote. Niliona aibu ambayo sikujua mwili wa mtu una nafasi ya kuiweka. Kisha hukumu ikamrudisha shambani amalizie kipande na vyumba ishirini, na Bwana Riedel akamnunulia dawa ya mgongo njiani, kwa kuwa sheria inasema mgonjwa atibiwe.

Kesho yake alasiri akaja mwanamke na mtoto mgongoni, vumbi limempanda mpaka kiunoni. Alikuwa ametoka juu ya Ngaramtoni kabla ya jogoo. Akaingia bandani alikolala Lemayian kifudifudi, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuja moja kwa moja stoo.

Nikamwamkia kwa Kimaa, "Takwenya."

"Iko," akaitikia. "Mimi ni Nashipae, mke wa Lemayian. Wewe ndiwe Mmeru wa kitabu?"

"Ndiye mimi."

"Mfereji umebakiza siku sita. Wazee wamefika kwenye kipande cha nyumba yetu, hakuna mtu. Mzee Sakaya, mwenye mfereji, amesema wakilala mara mbili bila kuona mwanamume wetu, anatia mawe kwenye mlango wa maji. Amenionea huruma, lakini sheria si yake peke yake." Akambadilisha mtoto mgongoni. "Mume wangu hawezi hata kukaa. Amenituma kwako."

"Amesema nini?"

"Amesema, mwambie yule alikuwa mdomo wangu bomani. Sasa akawe mikono yangu mferejini."

Nilikaa juu ya gunia. "Amekueleza yaliyotokea bomani?"

"Nilimwuliza. Amesema wewe unayajua."

Hakukuwa na hasira usoni mwake, alikuwa amechoka tu, na alinitazama kama mtu wa kheri aliyetajiwa. Hilo sikuliweza.

Nilimkuta Bwana Riedel barazani. Nikaomba ruhusa ya siku sita. Akafungua mkataba wangu, maana na mimi nilikuwa nao, akatafuta kwa kidole.

"Ruhusa ni kwa kufiwa na mzazi au mke. Nani amekufa?"

"Hakuna, Bwana."

"Basi siwezi. Ni kwa nini hasa?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya karatasi ya mwisho, na swali la Lemayian, na jibu langu, na maneno yote aliyoyasema mbele ya Bwana Shauri, moja baada ya jingine, kama nilivyopaswa kuyasema jana. Na habari ya mfereji, kwamba kule nako kuna sheria ya kazi, ya zamani kuliko hiki kitabu, na haina karatasi wala haisubiri. Rangi ilimtoka. Alifunga kitabu, akakifungua tena, akakifunga.

"Watu arobaini," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeelewa?"

"Hakuna, Bwana."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza." Siku zile niliambiwa hivyo na kujibu hivyo mpaka ulimi ukazoea.

Akasema kwamba itabidi aende bomani kesho asubuhi na kueleza yote, na kwamba mkalimani aliyedanganya lazima atajwe, hakuna njia nyingine. Alisema kwa huzuni ile ile. Nikamjibu kwamba najua. Nikamwomba anisamehe, na nikarudi stoo, nikafungua daftari la wafanyakazi. Kwenye mstari wa jina langu, siku ya kesho, niliandika mtoro. Safari hii herufi zilipinda. Kisha nikachukua jembe nikamfuata Nashipae.

Tulilala njiani kwa jamaa zake, tukafika asubuhi baragumu inalia. Wanaume wapatao thelathini walikuwa ndani ya mfereji. Mzee Sakaya alikuwa juu ya ukingo na fimbo yake ya kupimia, mzee mfupi mwenye jicho moja lenye ukungu. Nikainamisha kichwa kwa salamu, akakigusa.

"Unafanya kazi ya nyumba ipi?"

"Ya Lemayian."

"Wewe ni nani wake?"

Nashipae akajibu nyuma yangu, "Ametumwa na mwenyewe."

Mzee akanishika mikono, akaigeuza. "Mikono ya mtoto aliyezaliwa jana," akasema, na watu wote mferejini wakacheka. "Haya. Ndiyo tuliyoletewa." Akanipimia kipande changu kwa fimbo, kutoka jiwe jeusi mpaka kwenye kona, akaniacha. Hakuniuliza nitakaa muda gani. Kule kazi haina siku wala mwezi. Inaisha maji yakifika kwa wa mwisho.

Siku ya kwanza malengelenge yalitokea, siku ya pili yakapasuka. Maji ya mlimani ni baridi ya kukata mifupa, na matope yaliyokaa mwaka mzima ni mazito kuliko udongo wowote nilioona watu wakiuchimba wakati mimi natia alama kivulini. Usiku nililala kama gogo. Nashipae aliniletea maziwa na ndizi za kuchemsha, na mama mkwe wake akanipaka mafuta ya kondoo viganjani akiniita mwanangu. Kila aliponiita hivyo nilitaka kumwambia. Siku ya nne nikamwambia, wote wawili, mbele ya moto. Bibi akaacha kunipaka. Nashipae aliinuka akatoka nje. Asubuhi yake maziwa yaliletwa, lakini yaliwekwa chini mlangoni, na hakuna aliyeniita.

Siku ya sita, kabla ya adhuhuri, wakafungua maji kule juu. Tuliyasikia kabla ya kuyaona. Yalikuja yamebeba majani na povu, yakapita kwa jirani, yakapita jiwe jeusi, yakaingia kwenye mlango wa Lemayian na kuelekea migombani. Nashipae alisimama ndani yake na mtoto, akayatazama tu.

Hapo ndipo nilipowaona wanapanda njia. Mbele alikuwa askari wa boma. Nyuma yake, akitembea wima kupita kiasi kama mtu mwenye mgongo asiouamini, alikuwa Lemayian. Bwana Riedel alikuwa amekwenda bomani kama alivyosema. Mikataba ya watu wote arobaini ilikuwa imefutwa, itasomwa upya, mwenye kutaka abaki na mwenye kutaka aende. Zile ishirini na tano, Bwana Shauri alisema, hazina pa kurudishwa.

"Mikaeli, karani," askari akaita kutoka ukingoni. "Toka humo. Unajua unakokwenda."

Nilijua. Nikaegemeza jembe, nikaanza kupanda. Lemayian alinipita bila salamu. Akatembea juu ya ukingo kutoka jiwe jeusi mpaka mwisho wa kipande chake, akitazama chini, akarudi nusu, akasimama.

"Hii kona hujaichimba," akasema. "Matope yamebaki. Mvua moja na imeziba."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa yanajikunja pale na kutuama.

"Twende," askari akasema.

"Mngoje," Lemayian akamwambia, kwa Kiswahili, kile cha shambani. "Yeye kumaliza kona."

Askari akamtazama, akanitazama mimi na mikono yangu, akatazama njia ndefu ya kurudi Arusha. Naye alikuwa amechoka. Akakaa juu ya jiwe akatoa ugoro wake. Nikashuka tena majini, Lemayian akasimama juu yangu ukingoni, nikachimba.